Ajvar ya sufuria ndogo: majibu ya maswali yenu

Toleo lililopita niliitaja ajvar kwa mistari mitatu tu, nikasema ni rojo nzito ya hoho nyekundu zilizobabuliwa motoni halafu zikasagwa na kupikwa na mafuta, inapendwa sana Serbia, Macedonia Kaskazini, Bosnia na kwa majirani zao, na inatamkwa "aivar". Basi barua zikamiminika. Nimefurahi kweli maana hiki ni chakula nilichojifunza kwa mikono, nilikaa Skopje, mji mkuu wa Macedonia Kaskazini, miaka kadhaa na jirani yangu pale alikuwa mama mmoja mzaliwa wa mji wa Strumica huko huko, nilikuwa namwita tetka yaani shangazi kwa lugha yao, na alinifundisha nikiwa nimeshika mwiko, karatasi ya mapishi sijawahi kuiona kwake. Kwa hiyo mengi humu ni ya kwake, mi nimeyapunguza tu yaenee kwenye sufuria ya kawaida.

Shikamoo mama. Mapishi yote ya ajvar niliyoyaona yanaanza na hoho kilo kumi au ishirini, sufuria la shughuli na moto wa kuni uani. Mimi nakaa chumba kimoja, nina oveni ndogo ya mezani na jiko la gesi. Naweza kupika kidogo tu ya kunitosha wiki, na je, bado itakuwa ajvar? — Binti wa chumba kimoja

Marahaba mwanangu. Unaweza, na ni ajvar kabisa.

Kwanza uelewe kwa nini wenzetu wanapika kilo ishirini, wengine hata hamsini. Hoho nyekundu kule zinaiva kwa wingi kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Oktoba, baada ya hapo baridi inaingia na bustani imelala, kwa hiyo kila nyumba inaandaa zimnica, yaani akiba ya majira ya baridi, achari, kabichi ya chumvi, ajvar, vyote kwa mpigo. Septemba pale Skopje ukifungua dirisha asubuhi unakutana na harufu ya hoho zinaungua mtaa mzima, watu wametoa majiko kwenye balkoni na nyuma ya maghorofa. Ule wingi ni wa akiba, haujahusu ladha. Tetka mwenyewe akiba yake ikimuishia mwezi wa tatu alikuwa anachoma hoho nane tu jioni, tunakula usiku huo huo zinaisha.

Ila kuna mambo matatu usiyaguse. Kubabua mpaka ganda liwe jeusi, kuchuja maji, na kukoroga taratibu mpaka maji yaliyobaki yaishe. Ukirahisisha kingine chochote hewala, ukiruka mojawapo ya haya unapata sosi ya hoho, inaweza kuwa tamu lakini siyo hii.

Sasa kwa oveni yako anza na kilo mbili. Kule wanatumia aina inaitwa kapija, ndefu, bapa, ina ncha na nyama yake nene, ukiipata chukua hiyo, ukikosa chukua hoho nyekundu za kawaida ila uchague kwa mkono, shika kila moja usikie uzito, iwe ngumu na nyekundu mpaka kwenye kikonyo, yenye mabaka ya kijani iache manake ule uchungu wa kijani hautoki hata upike vipi. Osha ukaushe kwa kitambaa kabisa kabisa, zikiingia na maji zinachemka badala ya kuungua. Panga kwenye trei zisibanane, kama oveni ni ndogo fanya awamu mbili, iwe imeshapata moto wa nyuzi 240, zikae dakika 30 mpaka 40 na katikati uzigeuze. Weusi usikutishe. Ganda likishavimba, limepasuka na limekuwa na mabaka meusi, zihamishie zote kwenye sufuria ufunike na mfuniko, ziache nusu saa zitoke jasho, hapo ndo ganda linaachia lenyewe.

Kumenya usimenyee chini ya bomba. Najua inavutia kwa sababu vile vipande vyeusi vinang'ang'ania vidoleni na mbegu zinaruka kila mahali, lakini maji yanaondoka na ule moshi wote uliouhangaikia. Weka bakuli la maji pembeni, unachovya vidole tu, unaendelea. Mabaka mawili matatu meusi yakibaki hayana shida.

Ukimaliza weka nyama ya hoho kwenye chujio juu ya bakuli, funika, friji usiku kucha. Kama una haraka basi masaa mawili, ukizibonyeza mara kwa mara kwa mgongo wa kijiko. Utashangaa maji yanavyotoka, na usiyamwage, ni matamu, tia kwenye supu ya kesho.

Asubuhi katakata kwa kisu juu ya ubao, au kama una mashine ya kusagia nyama pitisha kwenye tundu kubwa. Bandika sufuria pana yenye kitako kizito, mafuta ya alizeti mililita 100, moto wa kati kuelekea mdogo, mimina hoho na uanze kukoroga. Mwanzo inabubujika kama uji na kurusha matone, vaa mikono mirefu. Kama dakika ya 25 hivi inatulia. Halafu sikiliza, mlio unabadilika, ule mbubujiko wa maji unakuwa mchirizo mdogo wa kukaanga, rangi inatoka kwenye uchungwa inaenda nyekundu ya kukolea, na mafuta yanaanza kujitokeza pembeni. Vuta mwiko kwenye kitako cha sufuria mara moja, ukiona njia imebaki wazi na rojo hairudi kuifunika, imeiva. Kwa kilo mbili ni kama dakika 40 mpaka 50 na usiondoke pale, maana ikishika chini ule ukoko unaingia ladha kwenye sufuria yote. Dakika tano za mwisho ndo unatia chumvi kijiko kimoja cha chai, siki kijiko kimoja cha chakula, na ukipenda punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa. Chumvi ukiitia mapema utaikadiria vibaya kwa sababu kila kitu bado kinapungua.

Utapata kama gramu 600, vichupa viwili vidogo. Najua ni kidogo kwa kilo mbili. Ndo ilivyo, na sasa unajua kwa nini wenzetu wanaanza na kilo ishirini.

Mama, sina oveni. Ina maana nisubiri mpaka ninunue? — Msomaji wa gesi

Hapana. Tena mi naona moto wa wazi unatoa ladha nzuri zaidi ya oveni. Weka hoho moja moja juu ya moto wa gesi, geuza kwa koleo kila upande ukiwa mweusi, dakika nane mpaka kumi kila moja, ukiwasha plet mbili unaenda nazo mbili mbili. Wavu juu ya makaa ni bora zaidi. Kikaango kikavu kizito nacho kinafaa ila ni polepole. Bulgaria wana kidude cha umeme kinaitwa chushkopek, kama mtungi mdogo mwembamba, unatumbukiza hoho ndani na baada ya dakika chache inatoka imebabuka pande zote, kimetengenezwa kwa kazi hii tu, uone jinsi watu wa huko wanavyolipa uzito jambo hili.

Nimeweka kwenye blenda, ikawa kama sosi ya chupa, nyepesi na imekosa ule uhai. Tatizo ni blenda au ni mimi? — Mwenye haraka

Ni blenda, dada. Inakata laini mno na inaingiza hewa, rangi inapauka na rojo inakosa nyuzi. Ajvar ukiitafuna unatakiwa usikie vipande. Kama huna muda wa kisu tumia ile mashine ya kukatakata, uibonyeze na kuiachia mara sita saba basi, usiiwashe ukaenda zako. Na usisage kabla ya kuchuja.

Habari za kazi mama. Yangu ilikuwa na maji, chungu kwa mbali, na nilipika saa nzima. Hoho nilichanganya nyekundu na kijani kwa sababu nyekundu zilipungua, nikamenya chini ya bomba, nikapika kwenye sufuria ndefu nyembamba. Nilikosea wapi? — Baba anayejifunza kupika

Nzuri kaka yangu, na asante kwa kuandika kila ulichofanya, ingekuwa ngumu kujibu bila hivyo. Uchungu umetoka kwenye zile za kijani. Kuna kitu kingine pia, watu wengi wanaogopa weusi wanatoa hoho mapema, ganda halijaachia, linabaki vipande vipande ndani na linapikwa humo humo, ganda lenyewe linaleta uchungu na linasumbua ulimini. Maji yametoka sehemu mbili, bomba na ile sufuria. Sufuria ndefu inabana mvuke, unapanda, unagusa pembeni unarudi chini. Tumia kikaango kipana au sufuria ya kitako kipana, rojo isizidi vidole viwili kina, utaona saa nzima inakuwa nusu saa. Sukari ndogo unaweza kutia kama hoho hazikuwa tamu, robo kijiko cha chai, ila hiyo ni ya kuokoa jahazi, hoho zilizoiva vizuri haziihitaji.

Mke wangu anasema ajvar ya kweli haina biringanya, mimi nilikula kwa rafiki wa Macedonia ilikuwa na biringanya. Na je nikitia nyanya? Tuamulie. — Mume mbishi

Wote mmekula kitu cha kweli. Kusini mwa Serbia kuna mji unaitwa Leskovac, sifa yake kubwa ni hoho, na jina "Leskovački domaći ajvar" linalindwa kisheria kwa asili ya pale, na ile ya kwao ni hoho bila biringanya. Nyumba nyingi nyingine, Macedonia Kaskazini na kwingineko, wanatia biringanya, mara nyingi kilo mbili au tatu kwa hoho kilo kumi. Ya hoho peke yake ni tamu na inanukia zaidi, yenye biringanya ni laini, nzito, na ina moshi. Kwa kupika nyumbani katikati ya wiki mi nashauri biringanya, moja kubwa kwa kilo mbili za hoho, kwa sababu inaongeza wingi na inaficha upungufu wa hoho ambazo hazikuwa tamu sana. Itoboe kwa uma kabla hujaichoma, inaweza kupasuka ikakuchafulia oveni nzima, choma mpaka ilegee kabisa, kwangua nyama, ichuje nayo.

Nyanya ukitia imehama jina. Yenye nyanya na biringanya Macedonia wanaiita pinđur, Bulgaria wana lyutenitsa yao ya hoho na nyanya ambayo wengi wanatia na karoti, Waromania wana zacuscă yenye biringanya, hoho, vitunguu na nyanya. Zote nzuri. Ila ukimwekea mtu wa Leskovac yenye nyanya mezani usimwambie ni ajvar, utamuumiza bure.

Na kwa vile mnabishania ukweli wa jina, jina lenyewe lina historia. Limetoka kwenye Kituruki, havyar, yaani mayai ya samaki ya kutia chumvi, ndo neno hilo hilo lililozaa kaviari. Zamani samaki wakubwa aina ya sturgeon, ambao mayai yao ndo kaviari yenyewe, walikuwa wanapanda mto Danube kutoka Bahari Nyeusi, mpaka bwawa la Đerdap kati ya Serbia na Romania lilipokamilika 1972 likawafungia njia. Hoho nazo siyo za kule kwa asili, zimetoka bara la Amerika, zikafika Balkan, yaani nchi hizo za kusini mashariki mwa Ulaya, wakati wa utawala wa Waosmani, Waturuki wa zamani. Kwa hiyo mmea wa mbali ukapewa jina la mayai ya samaki, na wapishi wa pale wakaufanya wao mpaka leo wanautetea kama urithi wa mababu. Ndo maana mi sioni aibu kuipunguza ikaingia kwenye sufuria ndogo.

Nyumba niliyofikia Niš, Serbia, bibi wa pale alikuwa anaweka ajvar kabatini mwaka mzima, juu anamwagia mafuta ya moto. Nimefanya hivyo hivyo, vichupa vitano viko kabatini wiki ya tatu sasa. Viko sawa? — Mpenda akiba

Ndugu yangu, tafadhali usile. Usionje hata kidogo kuangalia kama imeharibika. Vifunge kwenye mfuko uvitupe mahali mtoto au mnyama hafiki. Najua kazi uliyofanya na inaniuma kukuandikia hivi.

Sababu ni hii. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, mbegu zake ziko kwenye udongo na zinakuja na mboga, kuchemsha kwa nyuzi 100 hakuziui, zinahitaji nyuzi 121 ndani ya mtungi wa presha. Bakteria huyu anastawi pasipo hewa na pasipo asidi ya kutosha. Hoho ni mboga yenye asidi kidogo, na mafuta ukimwagia juu unafungia hewa nje, yaani unamtandikia kitanda. Sumu yake inapooza misuli mpaka ya kupumua, na chupa inaweza isionyeshe chochote, hainuki, haijavimba, rangi ile ile. Asidi ndo inamzuia, pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi inazidi, ikiwa chini ya 4.6 hawezi kuota, ila kijiko kimoja cha siki ulichokadiria kwa macho hakikuhakikishii hilo. Kule kuna wanaotia siki nyingi, wanafunga chupa za moto, wengine wanazichemsha tena zikiwa zimefungwa, na kila nyumba ina utaratibu wake ambao mgeni anauona nusu tu. Yule bibi labda alifanya vitu vitatu kabla hujaingia jikoni.

Hii ni faida nyingine kubwa ya kupika kidogo. Chupa safi, kijiko safi kila unapochota, friji, ule ndani ya wiki moja, na kama umetia kitunguu saumu kibichi mwishoni usizidishe siku nne. Inayobaki weka friza siku ile ile uliyopika, ikishapoa. Mi namimina kwenye kile kitrei cha barafu, zikiganda nazihamishia kwenye mfuko, kila kipande ni kama vijiko viwili, zinakaa miezi sita bila kubadilika ladha sana. Ukiyeyusha inaweza kutoa maji kidogo, ipitishe kikaangoni dakika mbili tatu inarudi. Ukitaka kweli kuweka kabatini basi fuata mapishi yaliyopimwa asidi, kipimo kwa kipimo, usiyabadilishe hata kidogo.

Naweza kutumia hoho za chupa ambazo zimeshachomwa na kumenywa? Narudi kazini saa moja usiku. — Mfanyakazi

Unaweza. Zile zimekaa kwenye maji ya chumvi na mara nyingi siki, kwa hiyo zichuje, zikamue vizuri kwa mkono, na usitie chumvi wala siki mpaka uonje mwishoni. Katakata, pika na mafuta dakika 20 hivi. Utakachokosa ni moshi. Dawa yake babua biringanya moja juu ya gesi wakati hoho zinachuja, inakutosha kurudisha ile harufu.

Nimepika, imetoka vizuri sana, sasa nakula na nini zaidi ya mkate? Na watoto wangu hawataki kitu kikali. — Mama wa watatu

Hongera dada! Ukali kwanza: ajvar ya kawaida siyo kali, kule wanaitofautisha, blagi ni ya upole na ljuti ni kali, kali wanatia pilipili zenyewe wakati wa kusaga. Pika ya upole, wewe ukitaka ukali tia kwenye sahani yako.

Mkate usiudharau lakini. Mkate wa moto, ajvar, jibini nyeupe ya chumvi imepondwa juu, ndo asubuhi ya watoto wengi kule, au kajmak, ile malai nzito ya maziwa ya Serbia na Bosnia. Nyama ya kuchoma inakwenda nayo sana, ćevapi hasa, vile vipande vya nyama ya kusaga.

Siku za kazi mi naitumia kama kiungo. Mayai: vijiko viwili kikaangoni, ipate moto, vunjia mayai juu, funika. Maharage: yakishaiva tia vijiko vitatu mwishoni ukoroge, Macedonia wana maharage yao ya kuoka yanaitwa tavče gravče na tetka alikuwa akiyapasha siku ya pili lazima atie ajvar. Tambi: chota maji kikombe kimoja kabla hujazichuja, changanya na ajvar kwenye sufuria ile ile, inakuwa sosi papo hapo. Na mtindi mzito, nusu kwa nusu, watoto wanachovya karoti na viazi.

Na ile sufuria uliyopikia usiitie maji ukimaliza. Ita watoto, mpe kila mmoja kipande cha mkate wakombe kitako kikiwa bado cha vuguvugu, ile iliyobaki pembeni imekaangika kidogo ndo tamu kuliko ya kwenye chupa, na kule kwa tetka tulikuwa tunaigombania watu wazima.